Mung'aro Mpya wa Kuze

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Jedwali limekwisha! Limenila siku nzima ya kazi. Bi Mercy, mkuu wetu wa ofisi, alikuwa akipita nyuma yangu, na kila akipita nafungua hati za forodha za kontena la vigae. Kontena hilo sasa nalijua kuliko nyumba yetu.

Kichwa cha jedwali: "Khubaib na Mung'aro: Chipukizi Wetu Mbele ya Mchezaji wa Kulipwa." Khubaib ni mtoto wa khalati yangu Khairiya, dadake mamangu, naye ni winga wa kulia wa timu ya mtaa wetu wa Kuze. Mung'aro ni winga wa kulia wa klabu kubwa ya ligi. Kocha wa klabu hiyo, Bwana Ngala, anakuja Jumamosi uwanjani Tudor kutazama vijana. Atachukua mmoja. Khubaib akichukuliwa, khalati atapumzika kuamkia karai la mahamri kila alfajiri. Mimi sitaki kitu. Nataka tu watu wa barazani waseme: Jamaldin ndiye aliyemwona kwanza.

Nimelinganisha kasi, krosi, chenga na pumzi. Kote Khubaib yuko bega kwa bega na Mung'aro. Isipokuwa safu ya mwisho: kuingia ndani na kupiga kwa mguu wa kushoto. Mung'aro, hodari. Khubaib, hamna. Nimeiacha wazi. Ukweli mwingine huharibu sura ya karatasi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimelibandika ukutani barazani, juu ya birika la kahawa. Watu wakasongamana. Nikasimama kando nikijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Saif alilisoma lote. Saif ni fundi wa simu na hasimu wangu. Humsifu Morgan, winga wa Makadara, asubuhi na jioni. Akageuka, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi msikitini: Mashallah iko wapi?

Nikatazama. Vyanzo vipo. Tanbihi ipo. Tarehe ipo. Mashallah hamna!

Akasema nimemsifu mtoto wa watu mbele ya kadamnasi, nimemweka sawa na mtu mkubwa, wala sikumkinga na kijicho. Nikatoa kalamu niiongeze. Nilikuwa na nyekundu tu. Saif akasema Mashallah ya wino mwekundu ni ya mwalimu wa hesabu, haikingi hata mbu. Baraza zima likaangua kicheko. Muuza kahawa ilibidi aweke birika chini.

Kisha akaashiria ile safu ya mwisho. "Na hapa, Bwana Karani? Mbona pana pengo?"

Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata dawa. Jedwali halibadiliki, basi abadilike mchezaji.

Baada ya kazi nilimpeleka Khubaib uwanjani Makadara. Yeye ana mchezo mmoja: huchukua mpira akakimbia na laini ya pembeni, akifika mwisho humimina krosi kwa kulia. Hajui mwingine. Marehemu baba yake alimfundishia mpira katika ujia wa nyuma ya nyumba yao, na ujia wa Kuze hauna ndani wala nje. Una ukuta huku na ukuta huku. Ukipewa mpira, wenda mbele.

Nilimweleza kuwa wachezaji wakubwa siku hizi huingia ndani. Akacheka. Akasema mguu wa kushoto yeye huutumia kupandia ngazi tu. Nikamwambia Mung'aro naye alianza hivyo hivyo. Sijui kama ni kweli. Ilitoka yenyewe.

Akanitazama, kisha akasema, "Haya, Jamali. Wewe ndiye uliyesoma."

Akaanza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ameteguka! Alikata kwa kushoto, goti likaenda kulia. Limevimba kama andazi. Nilimuuliza kama linauma, akasema kidogo. Akaomba nisimwambie mamake.

Nilipita kwa khalati kumwambia. Kweli, nia yangu ilikuwa hiyo. Akanikaribisha, akaniwekea mahamri na mbaazi za nazi. Akasema hana wa kumtegemea juu ya Khubaib ila mimi. "Wewe ndiye kakake mkubwa, mwanangu. Mtazamie." Nikafungua kinywa niseme. Nikatia hamri.

Nilimaliza sahani. Nikiogopa, hula.

Nikimwambia, atamzuia, na Jumamosi itakufa. Bwana Ngala haji Mombasa kila wiki. Nilipita barazani, nikaijaza ile safu iliyo wazi: "Anaendelea vizuri." Kwa wino wa buluu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Khubaib aliingia na kitambaa gotini. Alikimbia mara moja na laini, akamimina krosi, na uwanja mzima wa Tudor ukasimama. Bwana Ngala alimwinamia msaidizi wake, akamwambia neno. Nikajua: sasa! Sasa amwonyeshe na ile nyingine!

Mpira ukamrudia Khubaib. Laini ilikuwa tupu. Tupu kabisa, kama barabara asubuhi ya Idi. Akaanza kuifuata. Mimi nikapiga ukelele: "Ndani! Kushoto!"

Alinisikia. Katika kelele zote zile, alinisikia mimi.

Akageuka. Hakuguswa na mtu. Alianguka peke yake, akashika goti, akafumba macho. Wa kwanza kumfikia alikuwa Saif, aliyekuja kumshangilia Morgan. Alimtia begani bila mzaha hata mmoja. Mimi nilishika viatu vyake.

Nikamkimbilia Bwana Ngala na nakala ya jedwali. Sijui nilitaka nini. Alilisoma kwa adabu. Akasema ni kazi nzuri, ila Mung'aro anaye tayari. Yeye alikuja kwa ajili ya winga wa laini. Aliambiwa Kuze kuna mmoja, na wa aina hiyo siku hizi hawapatikani. Akauliza: ni huyu aliyeumia?

Nikasema sijui.

Jumapili, 12 Oktoba

Daktari anasema kano za goti zimekatika. Mwaka bila mpira. Baada ya mwaka, atatembea vizuri. Khalati akauliza, na kukimbia? Daktari akarudia kwamba atatembea vizuri.

Morgan amechukuliwa.

Nyumba ya khalati imejaa wanawake. Bi Mejumaa, jirani yake, amesema maradhi haya si ya goti. Mtoto amehusudiwa. Mtu kamtaja pamoja na wakubwa, ukutani, bila Mashallah. Wote wakanitazama.

Mimi! Naogopa jogoo wa jirani. Leo nina jicho la kuangusha watu uwanjani.

Nilipaswa kukasirika. Lakini niandike kweli, maana hapa hakuna mwingine asomaye: nilihisi raha, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi wakati wa jua. Kama ni jicho, basi si mguu wa kushoto. Si ule ukelele. Jicho halina kusudi. Humtoka mtu kama chafya.

Jumanne, 14 Oktoba

Bi Mejumaa ametoa dawa, na mwalimu wa madrasa amesema ni jambo linalojulikana: aliyetoa jicho atawadhe, maji yake ya udhu yakusanywe, aliyepatwa amwagiwe.

Nilitawadha juu ya beseni mbele ya khalati. Sijawahi kutawadha vizuri vile. Niliosha hadi viwiko, nikarudia, nikaongeza na shingo. Khalati akasema basi, mwanangu, maji yamtosha hata ng'ombe.

Khubaib aliketi kwenye kigoda uani, mguu umenyooshwa. Angeweza kusema. Neno moja lingetosha: Makadara. Mamake hajui habari za Makadara. Hajui hata kwamba goti liliuma tangu Alhamisi. Nilisimama na beseni nikilingoja neno hilo.

Hakulisema. Nikammiminia. Akajikunyata kidogo, akafuta uso, akasema, "Maji yako baridi, Jamali."

Khalati alilia kwa furaha, akanibusu kichwa. Akasema Mwenyezi Mungu anijaze kheri kwa kukubali aibu hii. Nikaitikia amina.

Goti halijapungua.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku njema! Nilikuwa nimeiacha shajara, moyo ulikuwa mzito. Khubaib hushinda dirishani juu, akitazama ule ujia wao. Watoto hupiga mpira pale, ukimfikia dirishani huwarudishia kwa mkono. Mimi hupita njia ya mbele, asinione.

Lakini leo nimemwona Ngowa! Kijana mgeni katika timu yetu, winga wa kulia. Anakimbia na laini! Anamimina krosi! Nilisimama peke yangu nikipiga makofi. Ni Khubaib mtupu.

Nimeshatengeneza jedwali: "Ngowa na Khubaib: Chipukizi Mbele ya Mkongwe." Safari hii hakuna atakayenilaumu. Mashallah juu. Mashallah chini. Mashallah kila safu, kwa herufi nzito, kwa wino mweusi. Saif atafute pa kuingilia!

Kwa furaha nilimpelekea Khubaib aone jinsi nilivyompandisha cheo. Hana hata miaka ishirini na tayari ni mkongwe. Alilisoma lile jedwali safu kwa safu. Chini mtoto mmoja alipiga mpira ukutani, yeye hakugeuka. Akauliza ile safu ya mwisho mbona i wazi.

Nikamweleza. Ngowa hajui kupiga kichwa. Winga wa kisasa sharti apige kichwa. Nimezungumza naye, tunaanza kesho Makadara, kuruka tu, hadi ashike. Kijana alisita kidogo, nikamwambia Khubaib naye alianza hivyo hivyo.

Khubaib akanirudishia jedwali. "Muache akimbie, Jamali," akasema. "Nakuomba. Muache tu akimbie."

Akageukia dirisha. Sikuona uso wake, ila sauti haikuwa sauti yake.

Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Inasikitisha, lakini bila shaka ni wivu. Maskini, si kosa lake. Humtoka mtu kama chafya. Kesho kabla ya mazoezi nitapita kwa khalati na beseni, Khubaib atawadhe.