Mteja wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Naapa kuandika yote humu, hata yanayoniaibisha. Mwalimu wetu husema shajara inayoficha ni hasara ya wino.

Leo Shangazi amenifanya Mtunza Nakala wa duka lake la ushonaji. Mimi! Vipimo vya wanakwaya arobaini vimo kwenye kompyuta. Wenyewe wamesafiri. Watarudi Jumamosi jioni kuchukua majoho, Jumapili waimbe. Vipimo vikipotea, hakuna wa kumpima. Fundi wa kompyuta ameniagiza: nivinakili kwenye flashi tatu, moja ilale nyumbani, na kila moja ifunguliwe ikaguliwe. Nikifaulu, nitakabidhiwa ufunguo wa duka. Ufunguo!

Binti wa Shangazi tunamwita Futi, maana futikamba haibanduki shingoni mwake. Amesema yeye atanakili daftarini, kwa kuwa flashi ni kama kunguni: ukimtafuta humwoni. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekagua. Kompyuta: wateja arobaini. Flashi: arobaini na mmoja. Nimehesabu tena kwa kidole. Wa mwisho hana jina. Urefu wa mkono, sentimita mia moja na nne. Nimejipima begani. Mkono kama huo ungenipita goti! Nimemuuliza Futi kama ni mzaha wake. Akasema labda nimempima ngazi.

Jumatano, 5 Machi

Mia moja na saba! Kwenye flashi zote tatu, hata ile iliyolala chini ya mto wangu. Nimempigia fundi. Akasema nisifute kitu kwa pupa, wala nisizichomeke zote pamoja. Nikamwitikia: ndiyo, mjomba. Lakini yeye hajauona mkono ule.

Nimezichomeka zote. Nikaziamuru zifuatane na kompyuta, kinachofutwa pamoja kifutike kote, nikamfuta mara moja. Kwisha! Shangazi ameuliza mbona natabasamu peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nilifuta mmoja, wakafutika arobaini. Aliyebaki kila mahali ni yule niliyemfuta. Mia moja na kumi na mbili.

Nimemweleza Shangazi ukweli. Hakunifokea. Aliketi tu, mkasi mapajani, akasema kwaya ile ndiyo iliyolitangaza duka lake, na sasa italizika. Heri angenifokea.

Ndipo Futi akaleta daftari lake. Wote arobaini, mwandiko safi. Akamwambia mama yake akate tu, kisha akaniuliza kama kunguni wangu hawajambo. Akafunua ukurasa wa mwisho. Akalisukuma kwangu.

Yumo. Kwa mwandiko wake Futi. Anaapa hakumwandika. Hakunitania tena mchana kutwa.

Jumamosi, 8 Machi

Majoho arobaini na moja! Tulimsihi Shangazi aache lile la mwisho. Akasema kipimo kikiwepo, mwenyewe yupo. Kazi yake kushona, si kuhoji watu.

Wanakwaya wamechukua arobaini, wakashukuru sana. Moja limebaki kwenye henga. Mikono yake inagusa sakafu. Ufunguo amepewa Futi. Ameufunga kwenye futikamba, uning'inie shingoni tuuone.

Jumapili, 9 Machi

Tumepita dukani kabla ya kwenda kuisikiliza kwaya. Futi amefungua mbele yetu. Joho liko palepale. Ila pindo za mikono zimefumuliwa, taratibu, bila kukata uzi. Uzi wenyewe umezungushwa vizuri mezani. Na sakafuni, shubiri moja mbele ya pale kitambaa kinapoishia, pana mstari wa chaki.

Futi akanishika mkono. Shangazi akasonya, akasema angalau huyu ameonyesha anachotaka. Wengine hulalamika tu.

Nimefikiri sana, na nimegundua kosa langu. Nakala zilikuwa nyingi mno! Ndizo zilizomrefusha. Kwa hiyo wao walipotangulia, nimebaki kidogo. Vipimo vyote vya duka, hata vya daftarini, nimevihamishia kwenye flashi moja tu. Kompyuta na flashi nyingine nimezifuta. Daftari la Futi nimelichanachana. Flashi nimeitia mfukoni mwa joho, mahali salama kabisa, maana hakuna anayethubutu kuligusa. Shangazi akijua, huenda ufunguo ukawa wangu.

Nawe, mteja wa arobaini na moja, nakuachia shajara hii wazi juu ya meza, kalamu iko pembeni. Nijibu kabla hatujafungua kesho, tafadhali: mkono wako umefika, au bado unakuja?