Viazi Vyangu na Sabuni ya Felista

Jumatatu, 7 Februari 1983

Bwana Shamba anakuja Jumamosi hapa Mbebe. Atachagua viazi vya nani vitoe mbegu ya shamba la kijiji, na mwenye viazi hivyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya mbegu. Mwenyekiti Barnaba! Tamu kinywani. Tatizo dogo moja: majani yangu yamejikunja kama tumbaku iliyosokotwa, na chini yake vidukari tele. Nimemwambia mke wangu Felista kuwa ni viazi vya kisasa, vinakinga mvua. Kacheka mpaka kakaa chini.

Jumanne, 8 Februari

Jirani yangu Kefa naye anautaka uenyekiti. Leo kang'oa kila shina lililojikunja. Eti Bwana Shamba alimfundisha kuwa vidukari hunyonya ugonjwa shina hili wakaupeleka lile, na ukishaingia hautoki, hushuka mpaka kwenye kiazi cha mbegu. Shamba lake sasa lina mapengo kama kinywa cha bibi yangu. Nimempa pole, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kucheka.

Alhamisi, 10 Februari

Dawa nimeipata: sabuni! Felista alikuwa na mche mmoja tu, kautoa Tunduma mpakani kwa taabu, kaufukia kwenye unga njia nzima askari wasiuone. Nimeosha viazi jani kwa jani. Vidukari wamekufa! Majani bado yamejikunja. Jioni Felista kauliza sabuni iko wapi. Nikasema mbuzi kala. Kauliza mbona anayenukia ni mimi.

Jumamosi, 12 Februari

Aibu! Alfajiri niling'oa mashina ya mbele, nikachomeka matawi mazuri niliyokata kwa Kefa. Yalipendeza! Bwana Shamba akachelewa, jua likawaka, matawi yakalala chali. Kavuta moja, likaja bila mzizi. Kijiji kizima kicheko, Felista kuliko wote. Mwenyekiti ni Kefa. Roho imeniuma, sifichi. Mimi nimeambiwa nile viazi vyangu vyote, nisipande hata kimoja.

Jumatatu, 14 Februari

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimechimba. Vikubwa vichache, tumevila. Vidogo tele, saizi ya mbegu hasa! Bwana Shamba bila shaka alikataza vile vikubwa. Nani hupanda vikubwa? Baba mkwe, mzee Yonasi, kaja kuomba mbegu. Nimempa debe zima, na ushauri juu. Kashukuru sana, kasema atawagawia shemeji zangu wote. Kefa ana kamati. Mimi ninao wakwe.