Nondo Mbili za Ziada

Jumatatu, 15 Septemba
Nimeamua! Jumamosi, wazazi watakapokuja shuleni, mimi Dija ndiye nitakayeendesha mashine ya kuchonga mbao. Kompyuta inaamuru, kisu kinachonga. Itachonga nanasi, nembo ya shule yetu hapa Kiwangwa. Na mama atakuwepo! Matatizo ni mawili. Mashine inashtukashtuka, na Najim naye anaitaka nafasi hiyo. Mwalimu Pantaleo amesema atakayeituliza ndiye atakayeiendesha.

Jumanne, 16 Septemba
Nimegundua! Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliopotea, umefungwa kwenye nondo moja tu. Moja! Mashine kubwa vile! Mchana, umeme ukiwa umezimwa, nimechimbia nondo mbili zaidi nje ya dirisha la karakana: moja ya kompyuta, moja ya mota. Rafiki yangu Ashatu amepiga nyundo. Najim alipita, akauliza tunapanda muhogo wa aina gani. Wivu tu.

Jumatano, 17 Septemba
Aibu! Mashine imeruka kuliko juzi. Nanasi limetoka na mikono minane. Najim akataka kujua pweza huyo ni wa kukaanga au wa nazi. Darasa zima likacheka, hata Ashatu! Baadaye aliniomba radhi, huku bado anacheka.
Nadhani ardhi ni kavu. Nimezimwagia nondo zote maji ya chumvi. Chumvi nimeazima jikoni. Nitairudisha.

Alhamisi, 18 Septemba
Maharage ya leo hayakuwa na chumvi. Bi Zuhura, mpishi wetu, alifuata madoa meupe ya maji ya chumvi mpaka dirisha la karakana, Mwalimu akiwa nyuma yake. Nilimwamkia Mwalimu shikamoo mara mbili. Aliitikia mara moja.
Akanieleza kwa upole kwamba nondo zikiwa zimetengana, umeme hutangatanga kati yake na kupitia waya mwembamba unaobeba amri za kompyuta. Amri zinavurugika. Waya zote za ethi zikutane mahali pamoja, kwenye nondo moja. Akamwambia Najim anisaidie kuzing'oa zile mbili. Najim akasema kumbe muhogo umekomaa. Nilicheka, kwa bahati mbaya. Kisha nikafunga waya zote mwenyewe, nikakaza kila nati.
Mashine imetulia! Jumamosi ni yangu! Najim atakuwa msaidizi wangu.

Jumamosi, 20 Septemba
Nanasi safi, kila jicho mahali pake! Mama alipiga vigelegele mpaka mkuu wa shule akasahau hotuba. Najim alifagia unga wa mbao, akakiri kwamba hata yeye asingelitoa zuri hivyo.
Sasa nimelielewa somo. Mahali pamoja! Kwa hiyo Jumatatu naanza kuunganisha shule nzima kwenye ile nondo: kengele, kompyuta ya mkuu, jokofu la Bi Zuhura. Waya utakatiza uwanja wa mpira, lakini wachezaji wana miguu, wataruka. Mwalimu sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.