Mtu wa Kompyuta Ameumia, Mimi Ndiye Ninayepumzishwa

Kwa Mkuu wa Ghala,
Kupitia kwa Msimamizi wa Zamu (ambaye naomba asiifungue).

Mheshimiwa,

Natumaini hujambo, na ghala lako halijambo. Mimi ni kuli wa zamu ya asubuhi, mwaka wa ishirini na mbili huu, yule ambaye wenzangu wanamwita Winchi. Wiki tatu zilizopita, yule binti mhandisi alinibandika vidoa vinavyong'aa mwili mzima, akanipiga picha nikinyanyua magunia, kisha akatengeneza mtu ndani ya kompyuta anayenyanyua kama mimi. Mtu huyo ameumia mgongo. Kwa sababu hiyo mimi nimeondolewa kwenye magunia na kukalishwa kwenye kiti mlangoni, nigawe glovu. Naomba nirudishwe kazini kwangu, na hoja zangu ni hizi:

1. Mtu yule si mimi. Hana kitambi. Mhandisi alisema kitambi kinamvurugia hesabu, akakiondoa. Mheshimiwa, kwenye kitambi changu ndipo gunia linapopumzika likiwa njiani kwenda begani. Ukimnyang'anya seremala nyundo, usimlaumu misumari ikipinda.

2. Analaumiwa kwamba hakunji magoti. Katika kundi letu mtu hapigii gunia magoti. Magoti ni ya kuombea msamaha nyumbani. Mwenzetu aliyewahi kukunja goti mbele ya gunia la sukari mpaka leo anaitwa Nisamehe, na sasa ana wajukuu.

3. Kwenye skrini, kiuno chake kiligeuka chekundu. Changu nimekikagua kwa kioo, mke wangu akishika tochi. Kina rangi yake ileile.

4. Hili ndilo lililoniuma zaidi. Kumbe mtu yule alinyanyulishwa magunia elfu tisini katika mchana mmoja, mhandisi akiwa amekwenda kula! Hakupewa hata maji, wala hakuwa na mwenzake wa kumshikia upande wa pili. Hata punda hupumzishwa. Namwonea huruma, lakini ikiwa yeye ndiye aliyechoka, mbona mimi ndiye niliyekalishwa? Mchuma janga hula na wa kwao, sawa, ila huyu si wa kwetu. Hata baba yake hatumjui.

5. Basi kiti apewe yeye. Kompyuta iwekwe pale mlangoni, mgonjwa apate likizo yenye malipo, na aandikishwe kwenye chama cha wafanyakazi. Kugawa glovu hataweza, lakini hata mimi sigawi. Watu wanajichukulia wenyewe.

6. Sitaficha, nina uchungu. Juzi lori liliingia, wenzangu wakajipanga bila mimi, na kazi ikaenda vizuri tu. Binti yangu aliniuliza siku hizi nafanya kazi gani, nikamjibu kwamba naangalia mlango. Akaniuliza mlango umefanya nini. Mheshimiwa, mgongo wangu haujawahi kunisaliti hata siku moja. Upimwe wenyewe, si kivuli chake.

Nisalimie wote ofisini, karani, mlinzi na binti mhandisi. Yule mtu wake naye mpe pole zangu. Sina ugomvi naye, alitumwa tu.

Ni mimi, ambaye bado nabeba,
Winchi.

Tanbihi: Mwandiko umebadilika kwa kuwa anayeandika sasa ni mke wangu, nami namtajia maneno nikiwa nimeinama. Nilipomaliza kutia sahihi, bahasha ilianguka, nikaiokota kwa mtindo wetu uleule. Bahasha ninayo mkononi. Kiuno ndicho kimekataa kurudi juu, na sasa ni saa ya pili naangalia miguu ya meza. Naomba barua hii ipitishwe kwanza kwa binti mhandisi, amuulize haraka yule mtu wake: akishafika hapa nilipofika mimi, huwa anainukaje?