Makanisa Manane kwa Goti Moja

Jumatatu, 1 Septemba

Goti la kushoto limevimba kama andazi. Wakati wenyewe ndio huu! Jumamosi ni matembezi yetu ya makanisa manane, maili kumi na tisa, na kanuni ya kamati haina huruma. Kiongozi asipoyafikia yote kwa miguu na kutia sahihi katika kila kitabu cha wageni siku ileile, fimbo ya uongozi inahama. Nimeishika miaka tisa. Tangu mke wangu Edith afariki, ni matembezi haya tu yanayofanya watu wanitafute. Fimbo ikienda, nitabaki na paka.

Na itakwenda kwa nani? Muriel Ockenden! Mpeleka barua mstaafu, miaka thelathini kwa miguu. Leo kaniona dukani nikichechemea. Kauliza, kwa sauti ya asali, kama nahitaji kubebwa. Nimemjibu kuwa ni mazoezi maalumu.

Alhamisi, 4 Septemba

Akili ni mali! Kanisa la kwanza tunaanzia pamoja, la nane nitaonekana mwenyewe. Kwa hiyo leo nimewasha gari nikayamaliza yale sita ya katikati. Siku za kazi hayana mtu, ila popo. Nimetia sahihi kote, tarehe ya Jumamosi.

Nikaongeza neno la hali ya hewa. Mtu wa huku akisaini kitabu bila kutaja hali ya hewa, lazima ashukiwe. Redio ilitabiri mvua, basi nikawapa mvua. Kitabu cha kanisa la Great Massing: "Nimelowa hadi soksi." Wendham: "Mafuriko njiani, lakini moyo mkavu." Hii ya pili imenichekesha mwenyewe. Nimerudi nyumbani mapema, nikala pai.

Jumamosi, 6 Septemba

Jua! Jua la utosi! Hakuna hata wingu la kusingizia.

Tulianza watu kumi. Kwenye kona ya kwanza nikawaambia watangulie, mimi nitapita njia ya mkato. Njia ya mkato ikanifikisha kitandani kwangu. Saa kumi jioni nikaficha gari nyuma ya ua wa miti, nikajikokota hadi kanisa la nane, nikaketi kivulini na kipande cha keki.

Muriel akatokea, mwekundu kama pilipili, sketi imejaa miba. Nilitegemea pongezi. Akanitazama juu hadi chini.

"Pole na mvua, Aubrey. Soksi zimekauka?"

Nikacheka. Sikuelewa. Mwingine nyuma yake akadakia, "Na mafuriko je, mzee, yamepungua?" Hapo nikaelewa, keki ikiwa kooni. Ilibidi Muriel huyohuyo anipige mgongoni.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada nimeieleza kamati kwamba mvua huweza kunyesha mahali padogo sana. Kasisi Philippa kauliza kama huweza pia kumfuata mtu mmoja vijiji sita. Wamecheka hadi mpiga kinanda.

Fimbo kapewa Muriel. Imeniuma. Nimetoka nje nikajifanya nasoma majina makaburini.

Muriel kanifuata. Kauliza kwa nini sikusema goti linauma, wote wangepunguza mwendo. "Mtu mzima na uongo wa kitoto! Tungekusubiri, bwana!"

Adhabu ya Kasisi: niende kwa miguu makanisa yote sita, polepole nitakavyo, nikaandike ombi la radhi katika kila kitabu. Muriel kasema atanisindikiza, kanisa moja kila Jumamosi, na chai atabeba yeye. Jumamosi sita! Machozi yamenilenga. Nimeapa palepale: uongo basi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeamka na wazo. Kwa nini nimsumbue mama wa watu majuma sita?

Nimewasha gari. Kufikia adhuhuri nimemaliza vitabu vyote sita: "Nimekuja kwa miguu, polepole, kuomba radhi." Tarehe nimezipanga Jumamosi sita zijazo, moja kila kitabu. Hali ya hewa sikuigusa kabisa. Nani alisema sijifunzi?

Jumamosi Muriel akija na chai yake, nitamwambia kazi imekwisha, arudi kwake akapumzike. Atafurahi sana!