Mfungaji Bora wa Shirika la Magunia

Wananchi wote wapenda maendeleo wafahamishwe kwamba mwaka wa 2006, Shirika la Ukaguzi wa Magunia, tawi la Kitale, lilipata mfungaji bora ambaye hakuwahi kugusa mpira. Ufanisi huo haukuja hivi hivi. Uliletwa na waraka.

Timu yenyewe ilianza kidogo kidogo, wapakiaji wakicheza nyuma ya stoo saa ya chakula, wengine na raba, wengine na miguu waliyozaliwa nayo. Moto wao alikuwa Sifuna, mtu wa Misikhu, mwembamba kama fito. Kutwa nzima alibeba mahindi, na mpira ukimfika mguuni jioni, golikipa alianza kusali. Shida yake ilikuwa moja: alikuwa kibarua. Miaka sita, kibarua.

Meneja, Bwana Kagwe, alipoona timu inashinda, akaipenda ghafula. Waraka ukabandikwa mlangoni: kwa kuwa kitabu cha magoli kina safu ya namba ya kazi, na kwa kuwa kibarua hana namba, goli la kibarua litaandikwa kwa mkubwa wake wa karibu mwenye namba.

"Mkubwa wangu wa karibu ni nani?" Sifuna akauliza.

"Ni mimi tu," akajibu Bwana Kagwe kwa unyenyekevu.

Kufikia Mei, Bwana Kagwe alikuwa na magoli thelathini na moja, yote ameyafunga akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, soda mkononi. Siku ya kupewa kikombe cha ligi alilia machozi ya kweli. "Siri ni mazoezi," aliwaambia wapakiaji, akipangusa uso kwa leso.

Mwezi huo huo habari ikaja: mwisho wa Juni, vibarua wote wasio na barua ya ajira waende nyumbani. Sifuna akavaa shati lake la kanisani, akabisha mlango wa ofisi.

"Bosi, nimekuja kwa ile barua. Si uliniahidi tukichukua ligi?"

"Nikuandike kwa sababu gani, Sifuna? Kitabuni huna hata goli moja."

"Lakini uliona kwa macho!"

"Macho si rekodi, bana."

Mke wa Sifuna, Nakhungu, alikuwa akichambua kunde alipoletewa maneno hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, vidole havikusimama.

"Ati Kagwe amefunga thelathini na moja? Na tumbo lile?"

"Ndivyo kitabu kinasema."

"Basi wakubwa wa Nairobi wajue. Mtu kama huyo mnamfichaje? Mwambie aandike historia ya timu, awapelekee."

Sifuna akamwambia. Bwana Kagwe akaona wazo ni zuri sana, akashangaa limetoka wapi. Historia ikapigwa chapa, kurasa kumi na mbili, kumi na moja zikimhusu yeye na moja ikiwa nakala ya waraka wake.

Jibu lilirudi haraka kuliko jibu lolote lililowahi kutoka makao makuu. Mkurugenzi Mkuu, Bi. Jepkosgei, amefurahi mno. Atahudhuria mwenyewe fainali ya matawi huko Bungoma. Ameagiza mfungaji bora aanze mchezo, wala asitolewe mpaka filimbi ya mwisho. Asipocheza, atahesabiwa ametoroka kazini.

Jumamosi ya fainali, Bwana Kagwe alijikuta nyuma ya lori la shirika akivutana na bukta. Bukta ilikuwa inashinda. Watu wa Bungoma walikuwa wameshamwona.

"Niaje, namba tisa! Hiyo ni ya miezi mingapi?"

"Sifuna, ndugu yangu," Bwana Kagwe akanong'ona. Miaka sita hawakuwa ndugu. "Nikuandike sasa hivi. Ukipata namba, magoli yanarudi kwako, mimi narudi kwa kiti." Akatoa mkobani karatasi ya shirika na muhuri; watu wa aina yake hawasafiri bila muhuri. Akaandika, akagonga. "Haya, weka sahihi."

"Ngoja nisome, bosi. Mimi ni wa darasa la sita, nasoma polepole."

Refa akapuliza kuita timu. Sifuna alikuwa bado kwenye anwani.

"Hapa umesahau tarehe, bosi."

Tarehe ikaandikwa. Sifuna akatia sahihi, na wote wawili wakakimbia hadi jukwaani. Bi. Jepkosgei akavaa miwani.

"Barua ni halali. Hongera, Bwana Sifuna, sasa wewe ni mfanyakazi wetu."

"Na magoli, mama?" Bwana Kagwe akauliza, tayari anatafuta kiti kwa macho.

"Ajira inaanza siku ya kazi, Jumatatu. Leo ni Jumamosi, na waraka wako uko wazi kabisa. Uwanjani, mfungaji."

Kitale walifungwa saba bila, na hakuna mpakiaji aliyenuna. Dakika zote tisini Sifuna alizingatia utaratibu. Kila mpira alioupata alimpelekea mkubwa wake wa karibu, mbele kabisa, mbali kidogo, mahali pa kukimbiliwa.

"Bosi, wako huo! Kimbia, bosi!"

Na Mkurugenzi Mkuu akapiga makofi.