Babu Aliyechemsha Karanga za Wazungu

Jumamosi, 2 Agosti

Jioni kwa jirani yangu Mama Khalidi, hapa hapa Nkuhungu, kuangalia tamthilia ya mradi wa karanga wa Kongwa, ule wa Waingereza enzi za ukoloni. Leo shujaa amechemsha mbegu zote za Wazungu, nao wakazipanda hivyo hivyo, zimeiva. Mradi chali. Sebule nzima makofi. Kisha Mama Khalidi akaanza: Khalidi wake sasa ndiye anayewapangia wabunge viti. Kila wiki Khalidi. Nikasema huyo shujaa ni babu yangu mzaa baba, Nikodemo. Sebule nzima ikanigeukia. Hata feni niliisikia. Babu alifanya kazi Kongwa, hilo ni kweli. Mengine yalitoka yenyewe.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada nimemsimulia mwanangu Evelina, msomi wa historia, wa kwanza ukoo mzima kuvaa joho. Hakucheka. Akasema hakuna aliyechemsha mbegu. Mvua zilikosekana, na udongo wa kule ukikauka unakuwa saruji. Karanga zinaota, kuzing'oa ndiyo kazi. Amehoji wazee, amesoma nyaraka mpaka macho yakauma. Ijumaa ana banda kwenye maonesho ya wakulima ya Nanenane, Nzuguni, na mkuu wake wa chuoni, Dokta Respicius, atakuja kumpima. Akifanya vizuri, anaajiriwa kufundisha chuo. Akaniomba, "Mama, hilo la babu liishie kwa Mama Khalidi." Nikaahidi. Na nilimaanisha kabisa, mpaka Mama Khalidi aliponiuliza kama tuna picha yake.

Jumanne, 5 Agosti

Picha ya babu hatuna. Nimekwenda studio kwa Fredy. Amemtoa yule mwigizaji wa tamthilia kwenye simu, akamwondolea rangi, akamwongezea makunyanzi, akamtia fremu. Nimemtundika sebuleni. Evelina amepanga chumba Area D, haji katikati ya wiki. Mama Khalidi amesimama mbele ya picha, mkono kifuani. Kasema pua ni yangu kabisa. Usingizi leo utakuwa mtamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefika Nzuguni na kikoba chetu kizima, akina mama wote tunaoweka akiba pamoja, sare ya kitenge, babu kwapani. Nia yangu ilikuwa njema. Banda la Evelina lilikuwa na watu wawili, na mmoja alikuwa anakwepa jua. Mwanangu ameshika bonge la udongo wa Kongwa, analigonga kwa nyundo, halivunjiki. Anaeleza vizuri, masikini, na hakuna anayesikiliza. Na Dokta Respicius yuko njiani. Nikamtundika babu kwenye nguzo.

Banda likafurika. Watu wanapiga naye picha. Mama Khalidi anawasimulia yeye mwenyewe, na mambo ambayo hata mimi sikuyatunga.

Evelina akaweka nyundo chini. Akasema kwa upole kwamba huyo ni mwigizaji, si babu yetu. Nilidhani watanicheka mimi. Wakamzomea yeye. Mzee mmoja akamwambia, "Binti, ndiyo umesomeshwa ili umkane babu yako?" Dokta Respicius kasimama nyuma, anaona yote. Evelina akanigeukia. "Mama, waambie."

Wote wakanitazama. Kikoba kizima. Mama Khalidi. Nikakaza kitenge changu kiunoni. Nikainyoosha fremu ya babu.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijala. Evelina hapokei simu. Kila nikikaa namwona na vumbi la udongo mikononi, ananisubiri niseme.

Nimekwenda kwa Mama Khalidi, nikamwambia yote. Fredy, fremu, makunyanzi. Nilijua atanicheka mpaka mwakani, na nilistahili. Akanishika mkono kwa huruma. Anaelewa, akasema, mtoto akishasoma sana, mzazi inabidi useme anayoyataka yeye. Siri ya babu itabaki kwake. Nikamrudia: ni uongo, Mama Khalidi, uongo wangu mimi. Akanisogezea maandazi.

Jumapili, 10 Agosti

Evelina amekuja. Nimemwomba radhi, mtu mzima, machozi yananitoka. Akavuta kiti, akaketi. Kisha akasema ajira bado haijaamuliwa. Dokta Respicius anataka kwanza aandike hayo hayo ya Ijumaa: kwa nini watu wanaiamini tamthilia kuliko udongo wanaoushika mkononi. Na wa kwanza kuhojiwa ni mimi.

Kaweka kinasa sauti mezani, kaniomba ukweli mtupu, mara moja tu maishani. Nikautoa. Babu Nikodemo aliwapikia maharage madereva wa matrekta. Basi. Evelina akatabasamu, mara ya kwanza tangu Nzuguni. Nikajisikia mwepesi.

Ila niliona maharage peke yake ni kidogo kwa msomi kama mwanangu. Nikaongeza kwamba kila babu alipowapikia, madereva walishinda chooni na hakuna trekta lililolima tena siku hiyo, na kwamba hakuwa anakosea mapishi.

Evelina akazima kinasa sauti. Nadhani alikuwa ameshapata ya kutosha.